Maziwa ya Kopo ya Mke wa Shemeji

Kila alipokuja kwa mama mkwe, mke wa shemeji yangu alibaki garini mpaka mtu atoke kumpokea. Sisemi kwamba ana maringo. Mikono yake ndiyo ilikuwa imejaa: mfuko wa supamaketi kulia, mwingine kushoto, na wa tatu ameupakata, hata asingeweza kufungua mlango. Basi mama mkwe, ambaye mimi hunipokea akiwa ameketi kwenye kiti chake cha barazani, alikuwa anainuka, anashika fimbo yake, anashuka ngazi na kwenda mpaka kwenye gari.

"Nyegera, mwanangu! Nyegera waitu!" Yaani karibu, kwa Kihaya.

Mimi ananiita Mwalimu. Ni kweli mimi ni mwalimu, nafundisha shule ya msingi Bukoba, na watu wengi huniita hivyo kwa heshima. Lakini heshima nayo ina umbali wake. Mwalimu hukaribishwa kiti. Mwanangu hukaribishwa jikoni.

Jumapili ninayoikumbuka zaidi nilikuwa nimetangulia kufika. Nilitoka nyumbani kwangu Nyanga na basi la asubuhi, nikashuka Muleba, nikatembea ule mteremko hadi kwa mama mkwe nikiwa na sato wawili wakubwa kwenye ndoo yenye barafu. Mume wangu hununua samaki Goziba, kule kisiwani, na muda mwingi wa mwaka anaishi kambini. Sato wale aliwatuma na mashua ya jana yake, akanipigia simu kusema mmoja wao ni wa mama, asije akauzwa. Nikaona nipeleke wote wawili. Nilifika, nikavua viatu, nikaanza kumenya ndizi, nikapara samaki, nikawasha moto. Mama mkwe alikuwa anaongea na mimi kutoka barazani, mambo ya kawaida, kahawa imenyauka upande ule wa kibanja, jirani amezika. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyewahi.

Kisha gari likapiga honi.

Ndani ya mifuko ile mlikuwa na matufaa, kila moja na kijikaratasi chake kilichobandikwa ubavuni. Mlikuwa na biskuti za kopo, samaki wa kopo, asali ya chupa yenye picha ya nyuki anayecheka, juisi ya matunda ambayo hakuna aliyeyajua, na kopo kubwa la maziwa ya unga lenye rangi ya bluu na ng'ombe aliyesimama kwenye majani marefu kuliko ya Muleba yote. Mke wa shemeji alivipanga mezani kimoja kimoja. Mama mkwe alivishika kimoja kimoja.

"Samaki huyu ametoka wapi?" aliuliza akigeuza kopo.

"Ng'ambo, mama. Huko baharini kabisa."

"Ng'ambo!" alisema mama mkwe, akamtazama yule samaki aliyechorwa kana kwamba ni mgeni aliyesafiri kuja kumwona.

Sato wangu walikuwa wanachemka. Ukisimama mlangoni kwa mama mkwe unaliona ziwa, na mvuke wa sufuria yangu ulikuwa na harufu ya ziwa lile lile. Tulikula wote, na sato waliisha mpaka vichwa, sikatai. Ila mazungumzo ya mezani yalikuwa ya matufaa. Mama mkwe alilikata la kwake vipande vyembamba kama anayegawa komunyo. Jioni, makopo yalipangwa kwenye kabati la vioo pale sebuleni, mbele ya sahani za harusi yake. Ndoo yangu niliiosha, nikarudi nayo Nyanga.

Lazima niseme tulivyokuwa, ili nisionekane mtu wa kukasirishwa na tufaa tu. Mimi niliolewa katika familia ile kwanza. Mama mkwe alipovunjika nyonga, mimi ndiye niliyeomba ruhusa kazini, nikamwogesha, nikamgeuza kitandani, nikajifunza anavyopenda mto wake. Mke wa shemeji alikuwa bado hajaolewa. Alipokuja, alikuja na kila kitu mimi sina. Alikuwa Mkatoliki, tena wa parokia ile ile ya mama mkwe, wakati mimi nilitoka nyumba ya Kilutheri na mpaka leo kuna nyimbo nazifuata kwa kubahatisha. Alikuwa na saluni yake Miembeni. Mume wake, mdogo wa mume wangu, ana duka la vifaa vya ujenzi na analala nyumbani kwake, halali kisiwani. Na alikuwa mzuri. Hilo nalo naliandika, maana ningeliacha ningekuwa sijasema lolote.

Wiki ile ile niliingia supamaketi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imefunguliwa mjini Bukoba, kwenye barabara ninayopita kila siku nikitoka shule, na nilikuwa naipita kama ninavyopita benki. Ndani kulikuwa na baridi na muziki wa chini chini. Nilichukua kikapu ili nionekane na shughuli. Nikaanza kusoma, kwa kuwa kusoma ndiyo kazi yangu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nusu ya vile vitu havisomeki. Kulikuwa na makopo yenye maandishi ya Kiarabu, pakiti zenye maandishi ya Kichina, na nyingine zenye herufi kama zetu ila zimewekewa nukta na vikia mahali pasipotarajiwa. Kwenye jokofu kubwa la kioo walilala samaki wasio na vichwa, weupe, wamefungwa nailoni. Tulikuwa tumesimama umbali wa kutupa jiwe kutoka ziwani.

"Dada," nilimuuliza mhudumu, "huyu samaki ametoka wapi?"

"Huyo ni wa supamaketi."

"Kabla ya kuja supamaketi, alikuwa wapi?"

Alinitazama kwa subira. "Mama, sisi tunaletewa na gari."

Nilinunua kopo moja la samaki, aina ile ile aliyoipeleka mke wa shemeji kwa mama mkwe. Nilifika Nyanga, nikafunga mlango, nikalifungua, nikala na ndizi zilizobaki. Nilitaka liwe baya. Nilikuwa nimejiandaa kwa ladha ya chuma, au ya dawa. Lilikuwa tamu. Lilikuwa na nyanya na pilipili kidogo na mafuta mazuri, nikalifuta lote kwa kipande cha ndizi, nikabaki nimelitazama lile kopo tupu kwa hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Basi hasira ile niliipeleka kwenye simu. Tuna kundi la familia la WhatsApp. Kuna siku mwalimu mwenzangu alinitumia video ya mchele wa plastiki: mtu amefinyanga wali, ameudundisha mezani, unaruka kama mpira. Sauti nyuma yake ilisema mchele huu unaingizwa nchini na kuuzwa madukani. Sikuuliza ni nchi gani, wala sauti ile ni ya nani. Nilituma kwenye kundi, nikaandika chini yake: *Tuwe makini na vyakula vya supamaketi, hasa kwa wazee wetu.* Kila mtu alijua wazee wetu ni nani na supamaketi ni ya nani.

Shemeji alijibu kwa upole. Alisema video hiyo ilishatolewa maelezo, ni uongo wa zamani, wali wowote ukifinyangwa vizuri unadunda. Kisha akatuma video yake mwenyewe. Alikuwa amefinyanga wali wa nyumbani kwao, akaudundisha kwenye meza ya jikoni, ukaruka. Nyuma alisikika mke wake akicheka. Ana kicheko kizuri pia. Kundi zima lilijaa vikatuni vya kucheka, hata mume wangu kule Goziba, ambako mtandao hupatikana kwa kupanda mwamba, alipanda akatuma cha kwake.



Masika ilipoanza, mama mkwe aliugua tumbo. Lilimkata na kumwendesha, akakosa nguvu ya kusimama. Mke wa shemeji alikuwa amesafiri kununua vifaa vya saluni, na shule zilikuwa zimefungwa, basi nikapigiwa mimi. Naungama kwamba ndani ya basi nilikuwa nimechangamka. Mgonjwa ni wangu peke yangu, nilijiambia, na hakuna honi itakayopigwa.

Nilimpeleka zahanati. Tabibu alimpima, akampa dawa na zile pakiti za maji ya chumvi na sukari, akauliza amekula nini, kama maji anayokunywa yamechemshwa, maziwa anayapata wapi.

"Maziwa ya kopo," alisema mama mkwe kwa fahari, mgonjwa vile vile. "Ya ng'ambo."

"Inaweza kuwa chochote," tabibu alisema. "Maji, chakula, mikono. Mchemshieni kila kitu."

Tuliporudi nilimlaza, nikaenda kwenye kabati la vioo. Kopo la bluu lilikuwa limefika nusu. Unga wake ulikuwa umeganda mabonge na rangi yake imeelekea manjano. Nilinusa, sikuweza kusema kama harufu ile ilikuwa ya kuharibika au ndiyo harufu yake. Nikaligeuza chini. Kulikuwa na karatasi nyeupe imebandikwa, ina maneno ya Kiingereza, nchi yalikotengenezwa na tarehe ya mwisho ya kutumiwa, ambayo ilikuwa bado mbali. Ukingo mmoja wa karatasi ile ulikuwa umeinuka.

Nikauingiza ukucha.

Chini yake kulikuwa na tarehe nyingine, imepigwa muhuri kwenye bati lenyewe, na ilikuwa imepita kabla mwaka haujageuka. Kulikuwa pia na maandishi nisiyoyajua. Niliyaelekezea simu ili iyatafsiri, ikanipa maneno yasiyoungana, lakini jina la nchi lilisomeka, na halikuwa lile la juu ya karatasi.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kwanza nilimfikiria mama mkwe. Nadhani nilimfikiria pili. Kwanza ilikuja raha, imenipanda kutoka tumboni mpaka kwenye masikio. Nimekupata, nilisema, na sikuwa nasema na mwagizaji wa maziwa.

Nilipiga picha tatu. Karatasi, karatasi imebanduliwa nusu, na tarehe ya chini. Nikazituma kwenye kundi la familia na maneno haya: *Haya ndiyo maziwa anayokunywa mama.*

Alama zilionyesha wameona. Kisha shemeji akaandika: *Shemeji, tena?*

Akaongeza kwamba mama ni mtu mzima, tumbo humsumbua kila masika, na kwamba karatasi hubandikwa na waagizaji kwa sababu sheria inataka maelezo yasomeke. Binamu mmoja aliuliza kama maziwa yale yanadunda. Vikatuni vya kucheka vikaanza tena. Mume wangu alinipigia, upepo wa Goziba ukivuma kwenye simu.

"Mke wangu, acha hayo mambo."

"Umeziona picha?"

"Nimeziona. Hata kama ni kweli. Yule anampenda mama, na wewe kila siku unamtafuta."

"Tarehe imepita. Hiyo nayo nimeitafuta?"

"Acha tu," alisema, mtandao ukakatika, au aliukata.

Mke wa shemeji hakuandika chochote. Alimpigia mama mkwe moja kwa moja. Nilikuwa jikoni nachemsha uji, nikasikia mama mkwe akiitikia kwa sauti ya kubembeleza: ndiyo mwanangu, hapana mwanangu, usilie mwanangu. Nilipoingia na kikombe, alikuwa ameketi kitandani, amejifunga kanga kifuani.

"Mwalimu," alisema, "umekuja kuniuguza au kupekua kabati langu?"

Niliweka uji mezani. Nilimwambia maziwa yale asiyanywe tena. Alisema atakunywa anachopewa na wanaompenda. Nikamwambia basi na mimi nampenda, nimemletea uji. Aliunywa, kwa kuwa alikuwa na njaa. Kopo nililificha chini ya gunia la maharage, na nilipoondoka baada ya yeye kupata nafuu, nilimwambia jirani aliyebaki kumwangalia asimwonyeshe lilipo.

Kuna uchungu wa kuwa mwongo ukashikwa, huo niliupata na mchele. Huu ulikuwa mwingine. Nilikuwa na kitu cha kweli mkononi, na mkono wenyewe ndio watu hawakuuamini. Nililaumu wote. Nikalaumu hata sauti ya kwenye video ile. Lakini zaidi nilimwonea wivu yule mwanamke kwa kulia kwake kwenye simu, kwa kuwa machozi yake yalikuwa na thamani kuliko tarehe iliyopigwa muhuri kwenye bati.

Siku chache baadaye, mchana, niliona gari lake likisimama nje ya nyumba yangu Nyanga. Hakuwahi kuja kwangu peke yake. Safari hii hakungoja kupokelewa. Alishuka akiwa na kitu kimoja tu, kopo la bluu, amelibeba kwa mikono miwili.

"Dada, hodi."

"Karibu."

Hakukaa. "Dada, nionyeshe ulivyobandua."

"Si ulisema nakutafuta?"

"Mimi sikusema. Walisema wao." Aliniinulia kopo. "Hili ni la nyumbani kwangu. Mtoto ndilo analonywea. Asubuhi na jioni, tangu nimwachishe ziwa."

Ningependa kuandika kwamba nililichukua kopo pale pale. Nilimwacha asimame kidogo. Nilikwenda kuzima jiko ambalo halikuwa na kitu. Kisha nikarudi, nikaligeuza kopo, nikamwonyesha ukingo wa karatasi. "Ingiza ukucha hapa," nilimwambia. Kucha zake zilikuwa ndefu, zimepakwa rangi ya zambarau, na moja ikakatika. Karatasi ikatoka. Tarehe ilikuwa ile ile iliyopita.

Alikaa kwenye kochi langu na kulia. Mara ngapi nilikuwa nimemtamani akilia mbele yangu, na sasa analia, na kilio hakikumharibu hata kidogo. Mimi nikilia navimba macho na pua. Yeye alikuwa kama mtu aliyenyeshewa na mvua nyepesi. Nilimletea maji. Nilimuuliza mtoto yukoje. Mzima, alisema, ila amekuwa na tumbo la kuja na kuondoka, na yeye alidhani ni meno.

"Ni meno," nilisema. "Pengine ni meno." Nilimwona ananiangalia kama nina mamlaka ya kuamua, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwa ajili ya mtoto, hofu safi isiyo na mtu mwingine ndani yake.

Tulikwenda hospitali kwanza. Mtoto alipimwa, akaonekana hana tatizo, tukaambiwa aachishwe maziwa yale na aangaliwe. Kisha tukaenda supamaketi tukiwa na kopo lake, pamoja na lile la mama mkwe, nililomwomba jirani wa Muleba alitoe chini ya gunia alitume kwa basi.

Nilitangulia kuongea, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nilimweleza meneja jambo lote kwa mpangilio, nikamwonyesha karatasi na bati. Alikuwa kijana nadhifu, akatabasamu kwa mdomo uliofungwa.

"Mama, sisi hatubandiki. Tunaletewa na msambazaji."

"Msambazaji anatoa wapi?"

"Kwa mwagizaji."

"Na mwagizaji?"

"Nje."

"Nje wapi? Hapa pameandikwa nchi mbili."

"Mama, kama una wasiwasi, tunaweza kukubadilishia kopo jingine."

Alilitoa rafuni. Nililigeuza. Karatasi nyeupe, mahali pale pale. Nikamrudishia, nikamwambia tena yale yale, naye akanijibu tena yale yale, na alikuwa ameanza kumtazama mteja aliyekuwa nyuma yetu.

Ndipo mke wa shemeji alipoondoa miwani yake ya jua. Hakupaza sauti. Alisema, "Mimi mwanangu amekunywa haya." Alisema yeye hununua pale kila wiki, na wateja wake wa saluni hununua pale, na kesho watamuuliza kwa nini macho yake yamevimba, atawajibu. Hayakuwa yamevimba, nimeshasema. Meneja alitoka nyuma ya kaunta. Alimwita dada. Aliagiza makopo yote yaondolewe rafuni na kuwekwa stoo, mbele yetu, na akatupa jina la msambazaji kwenye kipande cha risiti. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na makopo yangu mawili. Maneno yote aliyoyasema yeye nilikuwa nimekwisha kuyasema.

Tulipeleka makopo kwenye ofisi inayoshughulika na vyakula. Bwana aliyetupokea alikuwa makini, aliandika, akayatia kwenye mfuko wa kufungwa, akasema yatapelekwa kupimwa. Alituambia karatasi ya maelezo peke yake si kosa. Kosa ni tarehe ya pili kuificha ya kwanza. Alimshukuru mke wa shemeji kwa kuwa raia mwema. Mimi alinipa mkono.

Majibu ya vipimo sijayaona. Huenda yapo, hayakupita njia yangu. Kopo la bluu halikurudi rafuni, na mtoto aliota meno yake akapona tumbo, na mama mkwe naye yuko mzima, kwa hiyo hata leo sijui kama maziwa yale yalimdhuru mtu yeyote. Najua tu kwamba mtu fulani, mahali nisipopajua, alikaa na rundo la karatasi nyeupe akazibandika moja moja, na kwamba moja ilifika mpaka kwenye kabati la vioo la kijijini Muleba bila mtu kuiuliza swali.

Mwezi uliofuata familia ilikutana kwa mama mkwe. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka kisiwani, tulikuwa wengi. Shemeji alisimulia. Alisimulia vizuri, na meneja katika simulizi yake alikuwa anatetemeka. Mke wake alimkatiza.

"Dada ndiye aliyeona kwanza," alisema. "Mimi nilikuja kuonyeshwa tu. Msisahau hilo."

Alinitazama akiwa amemaanisha. Watu waligeuka kunitazama pia, wakaguna kwa kukubali, mume wangu akanigusa bega. Ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeisubiri, na nilikuwa na la kusema.

"Na tazama moyo wake," alisema mama mkwe, mkono juu ya goti la mwenzangu. "Mwingine angejisifu. Huyu anawapa wenzake sifa."

Kila mtu akakubaliana na hilo kwa nguvu zaidi. Nami nilikubali kwa kichwa. Ningefanya nini? Ilikuwa kweli. Kama ningekuwa yeye, nisingelitaja jina la mwingine, na huo wema wake nao nikauonea wivu, nikiwa nimekaa pale na sahani yangu magotini.

Siku hizi hunipigia simu akiwa supamaketi. Hupiga ya video. Naona kwanza uso wake, kisha dari, kisha rafu. "Dada, hii inasemaje hapa chini?" Anageuza kopo mbele ya kamera, namwambia asogeze, ageuze, akwangue kwa ukucha. Tukishindwa kusoma, analirudisha. Nimejifunza kuzitambua tarehe za nchi zinazoanza na mwaka, na nimejua herufi kadhaa za lugha ambazo sitazisikia zikizungumzwa. Nikimaliza kumsomea ananishukuru, simu inashuka, na kwa kitambo naona kitoroli chake kilivyojaa kabla hajakata. Kisha narudi kwenye madaftari yangu ya kusahihisha.

Mara ya mwisho nilipokwenda Muleba nilikuwa nimebeba maziwa. Nilikuwa nimeyapata kwa mwenye ng'ombe hapa Nyanga, yamekamuliwa asubuhi ile ile, kwenye chupa nilizoziosha mwenyewe kwa maji ya moto. Nilikuwa nimejiambia kwamba sasa, baada ya yote, maziwa ni eneo langu. Mama mkwe alikuwa barazani na kikombe mkononi.

"Karibu, Mwalimu. Umebeba nini?"

"Maziwa, mama. Mabichi, ya leo."

"Ahaa." Alinyanyua kikombe chake nione. "Mwanangu amepatana na jirani wa chini. Kila asubuhi ananiletea, yakiwa bado na joto la ng'ombe. Kutoka pale pale, ninamwona ng'ombe mwenyewe kwa macho yangu. Ameniambia nisinywe tena kitu ambacho sikijui kilikotoka."

Nilisema amefanya vizuri. Niliuliza kama yamechemshwa.

"Hayo hajasema," alisema mama mkwe.

Nikakitoa kikombe mkononi mwake, nikaenda nacho jikoni. Niliyamimina yake na yangu kwenye sufuria moja, nikakoka moto, nikasimama pale kuyangoja yafure.